Jinsi ya kujua mchezo wako unapewa dakika ngapi kwenye TV

Usibishane kijiweni kwa hisia, chukua daftari. Wiki moja inatosha ila iwe wiki ambayo ligi inachezwa, fungua ratiba kwenye king'amuzi uandike kila kipindi, mchezo gani, kimeanza saa ngapi kimeisha saa ngapi. Laivu na marudio usichanganye kabisa! Mimi nilichanganya nikaona netiboli ina masaa manne, kumbe mechi moja imerushwa mara tatu, mojawapo saa tisa usiku, nani yuko macho hapo labda mlinzi.

Halafu zipigie mstari za kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku, hizo ndo dakika zenye hela. Soka litakula nyingi tu, mkataba wa kurusha ligi kati ya kampuni ya TV ya Azam na TFF, shirikisho la soka Tanzania, wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, hela hiyo hairudi kwa kuonyesha mpira wa wavu. Ngumi zina bahati yake, ulingo mmoja kamera chache usiku mzima umejaa, marathoni sasa inataka kamera za kwenye pikipiki barabara nzima.

Na uchambuzi uhesabu pia, soka linajificha humo, Simba na Yanga zinaongelewa hata siku hazichezi.