Tuta lenye jiogridi: usidanganywe na duara dhaifu

Jiogridi ni wavu wa plastiki unaolazwa kati ya tabaka za udongo ili kuuimarisha. Hesabu hizi ni za miteremko isiyofika nyuzi 70. Ukiwa wima zaidi ya hapo, unasanifu ukuta.

Chambua kwanza tuta likiwa tupu, bila jiogridi. Pitisha maduara mengi ya mporomoko (mistari ya duara ambayo udongo unaweza kuteleza juu yake) kwa njia ya Bishop, inayokata udongo vipande wima, na kwa kila duara andika kigezo cha usalama (F: uwezo wa udongo kuzuia ukigawanywa kwa kinachosukuma), momenti inayosukuma (M) na nusu kipenyo (R). Programu itakuonyesha duara lenye F ndogo kuliko yote, na wengi huishia hapo. Ndipo wanapokosea. Duara la kufuata ni lile linalodai nguvu kubwa zaidi (T) kutoka kwa jiogridi, 1.3 ikiwa F tunayotaka kufikia:

T = (1.3 − F) × M ÷ R

Chukua tuta la kimo cha mita 8. Duara la karibu na uso lina F 0.85, M 600 kNm na R mita 9: linadai kN 30 kwa kila mita ya tuta. Lingine, la ndani zaidi, lina F 1.05, M 3,600 na R 15: linadai kN 60. Lililoonekana salama linataka mara mbili.

Kimo kikizidi mita 6, robo tatu ya nguvu hupelekwa nusu ya chini: hapa kN 45. Tabaka zikiachana nusu mita, katika nusu hiyo ya mita 4 zitakuwa 8, kila moja ibebe kN 5.6. Usilinganishe namba hiyo na ya lebo ya kiwandani kabla ya kuondoa punguzo, yaani vigezo vinavyopunguza nguvu ya lebo. Kwa poliesta, mfano, kulegea kwa muda mrefu (2.0) × majeraha ya ujenzi (1.3) × kuzeeka (1.2) = 3.12. Basi 5.6 × 3.12 ni karibu 17.5: nunua isiyopungua kN 18 kwa mita.

Kila tabaka livuke duara kwa angalau mita 1. Kisha kagua maduara yanayopita nyuma ya jiogridi zote na yanayokata baadhi tu. Mara nyingi haya ndiyo hurefusha tabaka za chini.

Kwenye saiti, upande wenye nguvu, kwa kawaida ule wa urefu wa roli, uelekee ndani ya tuta. Fundi akitandaza roli sambamba na uso kwa kuwa ni rahisi, hesabu yote imepotea. Vuta mikunjo itoke, mwaga udongo angalau milimita 150 kabla katapila halijapanda, shindilia hadi asilimia 95 ya Proctor (msongamano wa juu kabisa unaopatikana kwa kipimo cha maabara). Nyuma weka kokoto zenye kitambaa cha kuchujia na bomba la kutoa maji: F zote hapo juu zilidhani udongo hauna shinikizo la maji.