Somo: Kwenda Moshi Desemba bila kurudi na madeni

Wakuu, Desemba ikifika stendi ya Mbezi Luis hapatoshi. Mchaga wa Dar lazima apande kwao kula Krismasi, na anayekurupuka tarehe 20 anauziwa siti kwa bei ya hasira. Mimi, mama watoto na watoto wetu wawili tunakwenda Marangu kila mwaka. Tunajipanga hivi.

Hatua ya kwanza: kata tiketi ya kurudi. Ndiyo, ya kurudi. Kwenda utakwenda tu, hata kwa kuungaunga magari Chalinze, Korogwe, Same. Januari ndiyo inayoumiza: watu wote wanashuka Dar wiki moja, ada inadaiwa, sare hazijanunuliwa, na mfukoni imebaki ya vocha. Chagua kwanza siku ya kurudi, ndipo utafute ya kwenda. Sisi tunapanda tarehe 17 na kushuka tarehe 29, mwaka mpya unatukuta Dar. Mama yangu hajanisamehe mpaka leo.

Hatua ya pili: kibubu. Cha mbao, kilichopigwa misumari, kwa sababu hela ya kwenye simu huvuja. Elfu tatu kila siku, kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Novemba, ni siku 153, sawa na 459,000. Hiyo ni ya safari peke yake. Ukiichanganya na ada umekwisha.

Hatua ya tatu: tiketi yenyewe. Nunua ofisini kwa kampuni au kwenye mtandao wao. Kagua jina, tarehe, namba ya siti, halafu linganisha bei na nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Mwaka 2022 nilimwamini mpiga debe. Saa kumi na moja alfajiri naingia kwenye basi, siti namba 23 nakuta bibi amekumbatia kikapu cha vitenge, na tiketi yake inafanana na yangu mpaka mwandiko. Ningemwinua bibi wa watu? Nilifika Moshi nimekalia ndoo ya rangi, goti langu mgongoni kwa konda.

Hatua ya nne: chakula. Basi likisimama watu wachimbe dawa, watoto wanaona chipsi kuku, na pale ndipo bajeti hufia. Mama watoto hupika chapati na kuchemsha mayai usiku wa kuamkia safari. Njiani naruhusu machungwa ya dirishani tu.

Zawadi? Sukari na mchele nunua Moshi mjini. Sioni sababu ya kulipia shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa safari, kwenye buti wakati mpunga unalimwa hapo hapo chini ya mlima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, vipi treni?
Jibu: Ipo, ile ya reli ya zamani iliyorudi Moshi Desemba 2019, siyo ya umeme ya Dodoma. Daraja la tatu lina unafuu kuliko basi, ila haiendi kila siku na safari yake ni ya kukesha. Waulize TRC, shirika la reli, siku zake kabla hujaomba likizo kazini.

Swali: Mimi nimeolewa Rombo. Mchango wa mbuzi wa ukoo nao unaingia kwenye kibubu?
Jibu: Dada yangu, huo ndio wa kuingiza mwanzo. Mwambie shemeji aulize Oktoba na atume kabisa. Mkisubiri mfike, mtatajiwa kiasi mbele ya wazee, na pale hakuna anayesema sina.

Swali: Leo tarehe 21, sina tiketi wala kibubu. Nifanyeje?
Jibu: Tulia, usiende stendi kugombana. Jaribu tarehe 25 yenyewe asubuhi, wengi wanakuwa wameshafika kwao. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, utaikuta mifupa, ila supu itakuwepo.