Jinsi ya kupata namba zisizo na 2 kwenye besi 3 bila kuzipima moja moja

Sharti ni moja tu: tunataka namba zote ambazo ukiziandika kwa besi 3 (yani kwa tarakimu 0, 1 na 2 tu, na nafasi za 1, 3, 9, 27, 81 badala ya 1, 10, 100) hazina tarakimu 2. Wengi wanaanza kwa kupima moja moja, na mimi nilianza hivyohivyo. Chukua 37, gawa kwa 3 unapata 12 baki 1, 12 kwa 3 ni 4 baki 0, 4 kwa 3 ni 1 baki 1, halafu 1 kwa 3 ni 0 baki 1. Sasa soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 1101. Hamna 2, imepita. 38 ni 1102, tupa.

Hapo kwenye kusoma ndo watu wanachapia. Ukisoma kutoka juu unapata 1011 ambayo ni 31, na ubaya wake 31 nayo haina 2, kwa hiyo jibu linaonekana safi kumbe ushakosea.

Halafu inachosha. Ukishatoka 40 hupati kitu mpaka 81, yani umegawa namba 40 bure.

Sasa usizitafute, zitengeneze. Namba isiyo na 2 ina 0 na 1 tu, si ndo baineri hiyo? Hesabu kwa besi 2: 0, 1, 10, 11, 100, 101, 110, 111, kisha zisome hizohizo kama vile ni besi 3, zinatoka 0, 1, 3, 4, 9, 10, 12, 13. Unataka ya 20? 20 kwa besi 2 ni 10100, kwa besi 3 hiyo ni 81 + 9, yani 90. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, mstari mmoja unatosha, n ikiwa ni nafasi unayoitaka:

int(bin(n)[2:], 3)

Angalia tu unaanzia wapi, mimi naanzia 0. OEIS, ule mkusanyiko wa mifuatano alioanzisha Neil Sloane mwaka 1964, wanao huu kama A005836 ila nafasi wanahesabu kuanzia 1, so ya 20 yako kwao ni ya 21.

Utamu wenyewe uko hapa: chagua zozote tatu tofauti, hukuti moja imekaa katikati kamili ya zingine mbili. Kwa nini? Ya kati ukiizidisha kwa 2 inabaki na 0 na 2 tupu, na zile za pembeni ukizijumlisha hakuna kubeba, kwa hiyo penye 2 lazima zote ziwe na 1, penye 0 zote ziwe na 0, basi hizo mbili zilikuwa namba ileile toka mwanzo.