Jinsi ya kuielewa "get" bila kukariri maana zake

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Kampala, wengi wao wafanyabiashara wanaoongea Kiswahili kutwa nzima. Neno linalowasumbua kuliko yote ni "get". Kamusi inawaambia ni "pata", wanakariri, kisha sentensi ya pili inawatupa mkono.

Hatua ya 1. Funika "get" kwa kidole, usome kinachofuata. Maana iko huko.

Hatua ya 2. Kikifuata kitu, anza na kupata, halafu jiulize kimepatikanaje. "Get a letter" ni kupokea, "get sugar" dukani ni kununua. Pakifuata mahali, ni kufika: "get to Jinja".

Hatua ya 3. Ikifuata hali, achana na "pata" kabisa. Hapa Kiswahili kinatubeba, kwa sababu kitenzi kimoja kinatosha: "get tired" ni choka, "get wet" lowa, "get lost" potea, "get old" zeeka. "Get paid" ni kulipwa. "Get married" angalia anayesemwa ni nani: mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa. Kiingereza hakitofautishi, wewe lazima utofautishe.

Hatua ya 4. Sasa jipime. Bosi mwenye duka Kikuubo anamwandikia mfanyakazi wake: "Get the driver to get the boxes before it gets dark." Ya kwanza inafuatwa na mtu, kisha "to" na kitenzi: ni kumfanya mtu atende jambo. Ya pili inafuatwa na kitu: kuchukua. Ya tatu, hali. Basi: "Mwambie dereva akachukue maboksi kabla giza halijaingia." "Pata" haimo hata mara moja, na ujumbe umefika wote.

Hatua ya 5. Vineno kama "up", "off" na "over" havina njia ya mkato, vizoee kimoja kimoja. Anza na vya safari, maana utavitumia kila siku: basi na boda ni "get on" na "get off", gari dogo ni "get in" na "get out". "Get up" ni kuamka. "Get over malaria" ni kupona.

Hatua ya 6. "I've got a shop" ni "nina duka". Wamarekani wakitaka kusema wamepata kitu husema "gotten". Waingereza hutumia "got" kwa yote mawili. Shule zetu Uganda hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got".