Ukiitwa ofisini Ujerumani, kalamu usiiguse

Alhamisi moja saa nane mchana, nikiwa bado na sare ya zamu, niliitwa ofisini kwa meneja wa nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanyia kazi katika jimbo la Hessen. Nilikuta kahawa imeshamiminwa. Kulikuwa na biskuti kwenye kisahani, karatasi mbili zimeelekezwa upande wangu, na kalamu juu yake, kifuniko kimeshatolewa. Meneja akanipa pole ya mgongo, maana nilikuwa nimetoka tu kwenye ruhusa ya ugonjwa ya wiki tatu. Akanisifu kwa upole wangu kwa wazee, kisha akasema kazi ya kunyanyua watu hainifai tena, bora tuachane vizuri. Haikupita robo saa nilikuwa kwenye korido, nimeshasaini.

Mimi nilijua nimeachishwa kazi na nimesaini kwamba barua nimeipokea, kama tunavyosaini nyumbani Tanzania. Kumbe juu ya karatasi paliandikwa Aufhebungsvertrag. Likariri neno hilo hata kama Kijerumani chako ni cha kununulia mkate. Ni mkataba wa kuvunja mkataba: wewe na mwajiri mmekaa, mmekubaliana, kazi imekwisha. Kisheria sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe, kwa hiari yangu, na saini ninayo.

Kufukuzwa kwenyewe kunaitwa Kündigung, na usishangae nikikwambia hiyo ndiyo afadhali. Kündigung lazima iwe kwenye karatasi yenye saini ya mkono. Ya WhatsApp, ya barua pepe au ya mdomo ni hewa. Kama kazini kuna baraza la wafanyakazi, mwajiri lazima alisikilize kwanza. Ukishapita miezi 6, na mahali penyewe pana wafanyakazi zaidi ya 10, lazima awe na sababu inayosimama mbele ya jaji. Mjamzito na mwenye ulemavu mkubwa uliotambuliwa hawaguswi bila kibali cha mamlaka. Sasa Aufhebungsvertrag, ukiacha karatasi na saini ya mkono, inaruka viunzi hivyo vyote, hata cha mjamzito. Ndiyo maana kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

Pigo la pili lilikuja kwa posta. Nilikuwa nimekatwa bima ya ukosefu wa ajira kila mwezi, nikajua nitapata ile asilimia 60 ya mshahara wa mkononi (mwenye mtoto hupata 67). Ofisi ya ajira ikanijibu kwamba kwa kuwa niliacha kazi mwenyewe, wiki 12 za kwanza sipati kitu. Na hizo wiki 12 hazisogezwi mbele, zinakatwa: muda wote wa kulipwa unapungua kwa robo au zaidi. Kodi ya nyumba haikujua habari hizo.

Nikakimbilia kwa mwanasheria nikidhani nitafuta saini. Akaniambia mahakama kuu ya kazi, iliyoko Erfurt, ilishaamua mwaka 2019 katika kesi ya mfanya usafi aliyesainishwa nyumbani kwake: hakuna haki ya kubadili mawazo baada ya kusaini. Mlango ulioachwa wazi ni mwembamba, uthibitishe kwamba ulibanwa isivyo haki, mathalani walitumia udhaifu wako wa ugonjwa. Na mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikasema kukunyima muda wa kufikiri, peke yake, si kosa. Mimi nilipewa biskuti. Utathibitisha nini?

Kwa hiyo usisaini. Wakikwambia ni utaratibu tu, usisaini. Wakikwambia usiposaini leo watakupa Kündigung, waambie walete, maana Kündigung inapingika. Sema sentensi moja, "Ich nehme das mit und lasse es prüfen", yaani naondoka nayo ikakaguliwe, kisha simama. Mkataba huo unaweza kukufaa ukiwa umeshapata kazi nyingine na mwanasheria ameusoma. Ukiwa peke yako na kikombe cha kahawa, haukufai.

Ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini mashauri yenu yatatuua. Mjomba wangu, mtumishi mstaafu, alinipigia kabla sijaingia ofisini: "Mwanangu, wewe mgeni, usibishane na mzungu, saini tu ukaombe kazi kwingine." Yaliponikuta akabadilika: "Si uende CMA?", yaani ile tume yetu ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mjomba, huku hakuna CMA. Tena hakuna barua ya kujieleza wala kikao cha nidhamu ujiandae. Nyumbani tuna siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi, na Wakenya wana miaka 3. Ujerumani ni wiki 3 tangu barua ikufikie. Wiki 3! Zikipita, hata Kündigung mbovu kabisa inahesabika halali. Nawaambia hasa vijana wa Kenya, ambao jumbe zao kwangu zimeongezeka tangu nchi yao isaini makubaliano ya ajira na Ujerumani Septemba 2024.

Kufungua kesi ni rahisi kuliko unavyodhani. Mahakama ya kazi ina dawati la kupokea madai. Unakwenda na barua yako na mkataba wako, karani anakuandikia. Wakili si lazima ngazi ya kwanza, na ukimweka utamlipa mwenyewe hata ukishinda. Wengi wanamalizana kwenye kikao cha kwanza cha usuluhishi, na hapo ndipo kiinua mgongo kinapopatikana, mara nyingi nusu mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Sheria haikupi moja kwa moja kama ile yetu ya siku 7 kwa mwaka. Kinatokana na kuvutana, na aliyesaini hana tena cha kuvuta.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Jiandikishe ofisi ya ajira ndani ya siku 3 tangu ujue kazi inakwisha. Uhamiaji wajulishe ndani ya wiki 2, kibali chako kinategemea. Chama cha wafanyakazi jiunge sasa, asilimia 1 ya mshahara, si siku nyumba inapoungua. Na wanaoniuliza kuhusu "fao la kujitoa" la pensheni ya huku: Mtanzania anarudishiwa michango baada ya miezi 24 nje ya mfumo, akiwa anaishi nje ya Ulaya, na ni fungu lake tu, la mwajiri linabaki. Msianze kupiga matofali.

Kilichonichelewesha kuelewa ni adabu yao. Sisi bosi akikasirika mtaa mzima unajua, na jioni huenda ameshasahau. Hapa mtu anakutoa kazini bila kupandisha sauti, anakufungulia mlango, anakutakia jioni njema. Si unafiki, nadhani. Wanaamini kwamba kilichoandikwa kimeshasema, na mtu mzima anasoma anachosaini. Nimeacha kuwachukia kwa hilo. Sasa nami nasoma hadi risiti.

Jambo la mwisho ni sanduku la barua. Ukiwa likizo Tanga na Kündigung ikatumbukizwa kwenye sanduku lako Ujerumani, imekufikia, na wiki 3 zinakimbia. Kuna kuomba msamaha wa kuchelewa, lakini nao una wiki 2 tu tangu ujue, na si wa uhakika. Muachie mtu ufunguo, afungue kila siku, apige picha, atume. Wangu anao mama mmoja wa Moshi wa ghorofa ya pili. Malipo yake ni kilo mbili za dagaa wa Mwanza kila nikirudi, na mwaka jana alirudisha moja akisema ina mchanga.