Breki ya ekzosi na turbo: kagua hivi kabla ya kushuka Salgaa

Wapo mafundi wanaong'oa kipepeo cha breki ya ekzosi (kibao kinachoziba bomba la moshi) wakidai kinaua turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Turbo iliyo nzima hakiiui. Kinachofanya ni kuiumbua ile iliyokwisha kuchoka.

Kwenye malori mengi kipepeo hukaa nyuma ya turbo, kwenye bomba linaloelekea silensa. Swichi ikiwa imewashwa nawe ukaachia mafuta, hewa ya tangi inasukuma pistoni ndogo, kipepeo kinafunga na dizeli inakatwa. Injini sasa inasukuma hewa kwenye bomba lililozibwa, na kazi hiyo ndiyo inayolishika lori. Lakini presha hiyo inajaa pia ndani ya turbo hadi kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Turbini, yaani panga la turbo linalozungushwa na moshi, inapungua mwendo kwa kuwa presha ya mbele na ya nyuma yake zinakaribiana, na ringi ndogo za shafti zinabeba mzigo. Zikiwa zimelika, hewa moto hupenya kwenye oili na kushukia ndani ya injini. Utaiona injini ikipumua kwa nguvu kwenye bomba la briza, lile linalotoa hewa ya ndani ya injini.

Kagua injini ikiwa imezimwa na imepoa. Fungua hozi ya hewa inayoingia kwenye turbo, shika shafti. Kucheza kidogo upande kwa upande ni sawa, shafti huelea kwenye oili. Ukiivuta na kuisukuma ukasikia inacheza, au mapanga yanagusa ukuta, turbo imekwisha. Tazama pia masizi kwenye gasketi ya manifoldi na pale turbo inapofungwa: panapovuja hapo, unapoteza nguvu ukipanda na breki ukishuka.

Kisha sukuma mkono wa kipepeo. Uende hadi mwisho na springi iurudishe wenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kipepeo kikikwama nusu kwa masizi, lori linatoka Nakuru vizuri, likianza kupanda kuelekea Mau Summit, juu ya mteremko wa Salgaa, linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi na ekzosi inapata moto sana. Mwenye gari anauziwa turbo mpya, na ugonjwa unabaki palepale. Legeza ekseli ya kipepeo kwa dawa ya kulegeza kutu, uichezeshe hadi iwe laini, kisha paka grisi ya grafiti inayostahimili joto. Oili ya injini usipake. Inaungua na kugandisha upya. Na itumie breki hiyo kila siku, hata tambarare, isikwame.

Tundu dogo lililo kwenye kipepeo usilizibe, wala usikaze skrubu yake ili breki "iume" zaidi. Injini nyingi huruhusu kati ya bar 2 na 4. Soma kitabu cha injini yako na upime kwa geji kwenye manifoldi. Presha ikizidi, inashinda springi za valvu za ekzosi, valvu zinafunguka zenyewe na kugonga viti vyake.

Barabarani, chagua gia kabla mteremko haujaanza: ileile ambayo ungepandia, au moja chini yake. Huko juu Mau Summit hewa ni nyepesi kuliko Kisumu, kwa hivyo nguvu ya breki hii inapungua. Usitegemee uzoefu wa bondeni. Weka mizunguko ya injini juu ndani ya eneo salama la geji ya mizunguko, na ikikaribia nyekundu punguza mwendo kwa breki ya mguu. Kukanyaga klachi kunaiondoa breki, na kuweka nyutro ndiko kubaya zaidi. Mvua ikinyesha na lori likiwa tupu, izime. Magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza.

Ukifika chini, kanyaga mafuta taratibu, kwani turbo ilikuwa imepoa mwendo na ukikurupuka utatoa moshi tu. Anayesimama Salgaa baada ya kushuka na breki hii ana turbo yenye joto dogo kuliko aliyesimama Mau Summit baada ya kupanda. Huyo wa Mau Summit ndiye anayepaswa kuiacha injini izunguke polepole bila kukanyaga mafuta dakika 3 kabla ya kuizima.