Lambo lako litamwagilia eka ngapi? Pima kwa picha za setilaiti kabla hujapanda

Wakuu, mwezi wa tano lambo likiwa limejaa kila mtu anaingiwa na tamaa, anaandaa eka sita za vitunguu, ikifika mwezi wa tisa pampu na ng'ombe wanagombania tope. Hapo ndo picha za setilaiti zinasaidia, na gharama yake ni bando tu, kwahiyo kabla hujalipia app ya mtu jaribu hii kwanza. Naongelea malambo ya kanda ya kati, Dodoma na Singida, mpaka Shinyanga huko kanda ya ziwa, ambako kiangazi kikishaanza mvua usahau mpaka mwisho wa mwaka.

Ingia mtandaoni utafute Copernicus Browser, ni tovuti ya picha za setilaiti ya Umoja wa Ulaya, kujiandikisha bure. Kwenye simu inafunguka ila inachosha, bora laptopu. Vuta ramani mpaka ulione lambo lako, chagua Sentinel-2 (ndo setilaiti zenyewe), shusha kile kikomo cha mawingu kiwe kama asilimia 20, alafu chagua tarehe. Hizi setilaiti zinapita kila baada ya siku kama tano, na picha zipo kuanzia 2015 au 2016 hivi, yaani unaweza kurudi nyuma ukaona lambo lilikuwaje miaka ambayo we hata shamba hujanunua.

Kwenye orodha ya tabaka, yaani namna za kuonyesha picha, bonyeza NDWI, hesabu inayotenganisha maji na nchi kavu. Maji yanatokea bluu, nchi kavu kijani. Sasa malambo yetu mengi maji yake ni chai ya maziwa, tope tupu, na tope linaichanganya hiyo hesabu, unakuta katikati ya lambo pameupe kama hakuna kitu. Ikitokea hivyo nenda sehemu ya kutengeneza faharasa (hesabu kama hiyo ya NDWI) mwenyewe, imeandikwa "Index", weka B03 kwenye kisanduku A na B11 kwenye B, hizo ni bendi, yaani aina za mwanga ambazo setilaiti inapima, hiyo inavumilia tope vizuri zaidi, ila B11 pikseli yake (kile kijimraba kimoja cha picha) ni mita 20 badala ya 10 kwahiyo kingo zinakuwa za kukadiria. Kuwa makini pia na kivuli cha wingu, kinajifanya maji kabisa. Na kama lambo lako halifiki hata mita 30 kwa 30 achana na setilaiti, pikseli tisa hazikwambii kitu, chukua futi kamba ukapime kwa miguu.

Ukishaona maji, chukua kile kialama cha kupimia upande wa kulia, zungushia ukingo, utapewa eneo. Andika kwenye daftari, tarehe na eneo. Fanya hivyo kwa picha za mwezi wa sita, wa nane na wa kumi, kwa miaka kama mitatu iliyopita, utaona lambo linasinyaa kwa kasi gani.

Tatizo setilaiti inaona upana, kina haioni. Kwahiyo chomeka mti mrefu wenye alama za sentimita pale penye kina kirefu, na siku setilaiti inapita soma alama, iandike pembeni ya lile eneo. Kiangazi kimoja tu ukifanya hivyo unakuwa na jedwali lako, mwaka unaofuata ukiona eneo unajua na kina.

Haya, hesabu. Tuseme mwezi wa sita lambo lina hekta 2 na kina mita 3 pale kati. Kwa lambo la bondeni lenye kingo za kuteremka, zidisha eneo kwa kina alafu gawa kwa tatu: mita za mraba 20,000 mara 3 gawa kwa 3, unapata kyubiki mita 20,000. Unaona nyingi eh? Subiri. Jua na upepo vikinyonya milimita 6 kwa siku, kila hekta ya maji inapoteza kyubiki mita 60 kwa siku, lita elfu sitini hizo, hakuna aliyeshika hata ndoo. Kwa miezi mitatu, ukihesabu na lambo linavyosinyaa, toa kama 7,000. Toa na za mifugo na zinazozama chini, tubaki na 10,000.

Zao likinywa milimita 500 mpaka kuvuna, eka moja inataka kyubiki mita 2,000 hivi, lakini kwa mfereji wa udongo maji mengi yanapotelea njiani, hesabu 3,300. Kwahiyo lambo lote lile linamwagilia eka tatu. Tatu! Ukiwa na dripu, mipira ya matone, unaweza kusogea mpaka nne.

Mwezi wa nane rudia kupima. Eneo likiwa dogo kuliko tarehe kama hiyo mwaka jana, usiongeze kitalu kipya, maji yaliyobaki yamalizie kilichopo. Na kama lambo ni la kijiji, peleka hizo picha kwenye kikao cha watumia maji kabla watu hawajagawana zamu, na ulizeni mapema kibali cha kutumia maji ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu.